Zamu ya Maji ya Baba Eliakunda

Tulipomzika baba juzi hapa Mhezi, waombolezaji walisimulia vita vya Burma na miaka yake ishirini katika Keya, jeshi la Mfalme wa Uingereza. Mimi niliwaza siku moja tu ya mwaka 1946.

Mama alikuwa mgonjwa, na siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kuzoa tope kwenye bwawa la kumwagilia. Nyumba isiyoleta mtu ilikosa zamu ya maji, na maharage yetu yalikuwa yananyauka. Nikaenda na jembe, mimi Eliakunda, nikiwa na miaka tisa.

"Mtoto hahesabiwi," alisema mzee Simeoni, msimamizi.

Nikaanza kulia. Ndipo akatokea baba, amepanda mlima kwa miguu kutoka stesheni ya Same, bado amevaa sare. Alinipokea jembe, akaingia topeni na buti zake.

"Sajini, pumzika kwanza!" Simeoni akacheka. "Utachafua nguo za Mfalme."

"Shikamoo, mzee. Sajini nimemwacha stesheni," alijibu baba. "Aliyekuja ni Baba Eliakunda. Mhesabu huyo."

Jioni maji yaliingia shambani kwetu. Nilimtazama baba akiyaongoza kwa kisigino cha buti, taratibu, asing'oe hata shina moja. Sijaona tena mtu mkubwa kiasi kile.