Kitanda cha Kadzo

Mwaka wa 1984 zahanati ya Vitengeni ilikamilika, isipokuwa haikuwa na vitanda, dawa wala daktari. Mheshimiwa angekuja kuifungua Alhamisi. Jumatano naibu wa chifu, Bwana Baya, akapita nyumba kwa nyumba akiazima vitanda vya chuma.

Nyumbani kwa Kaingu alimkuta Kadzo, mama yake Kaingu, amelala kwenye kitanda chenyewe. Homa ilikuwa siku ya nne.

"Shikamoo, mama. Serikali inakiomba kitanda chako kwa siku moja."

"Nami nilale wapi?"

Baya akafikiri. "Njoo nacho. Wagonjwa pia hatuna."

Asubuhi wanaume wanne wakambeba Kadzo juu ya kitanda chake. Kaingu alitembea kando akimkinga jua kwa leso, akitumaini kwamba huko mama atatibiwa.

Mheshimiwa alikata utepe, akaingia na wapiga picha wake, akasimama mbele ya Kadzo.

"Mama, wanakutunza vizuri?"

"Daktari sijamwona," Kadzo akasema. "Na kitanda hiki ni changu."

Baya akaanza kukohoa. Lakini Mheshimiwa aliwageukia watu, machozi yakimlengalenga.

"Mmemsikia? Anasema kitanda ni chake! Huu ndio uhuru, mwananchi kujua kwamba mali ya serikali ni mali yake!"

Watu wakapiga makofi. Kadzo akafumba macho.

Msafara ulipoondoka, lori likaja kuchukua vitanda, maana kesho yake palikuwa na ufunguzi mwingine, Mnarani. Kaingu akambeba mama mgongoni hadi nyumbani, akamlaza mkekani, akamwachia jirani, akarudi mbio na kudandia lori.

"Wewe waenda wapi?" Baya akamuuliza.

"Nakifuata kitanda."

"Basi vizuri. Utakilalia."

Wakavuka mkono wa bahari kwa feri hadi Mnarani. Ijumaa Kaingu alijifunika shuka hadi kidevuni, akatetemeka kama alivyomwona mama akitetemeka. Daktari aliyekuja na msafara safari hii, ambaye naye alitaka kuonekana kwenye picha, akampa vidonge vya malaria vilivyofungwa kwa karatasi. Kaingu akavitia mfukoni. Picha ilipokwisha kupigwa, akaondoka kimya kimya, kitanda akakiacha.

Jumatatu alimuuliza Baya kitanda kitarudi lini.

"Kiko Malindi," Baya akajibu. "Kikazi."

Kaingu hakubishana naye. Alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani, kwani asubuhi ile mama yake alikuwa ameketi mwenyewe mkekani, akaomba uji.