Mdomo wa Kasuku

Wateja wangu hawana maneno. Nimeuza spea za cherehani hapa Mchafukoge, pembeni ya Kariakoo, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mteja wa kawaida akiingia hasemi anataka nini. Anafungua mfuko, anatoa kipande cha chuma chenye mafuta, anakiweka juu ya kaunta na kusema, "Kama hiki." Mimi nakigeuza, naingia stoo, natoka na kingine. Tumemalizana na hatujaongea. Kwa mtu anayelala peke yake chumba cha juu ya duka, hiyo si biashara ya kumchangamsha.

Kwa hiyo mwanangu Abdulswamad aliponipigia kutoka Maskati na kunitaka nimtajie maneno yote wanayotumia wateja, nilimjibu kwamba neno ni moja tu, na neno lenyewe ni "kama hiki". Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Idi.

"Baba, siku hizi mtu haji Kariakoo hivi hivi," aliniambia. "Anaandika kwanza kwenye simu, anauliza Google. Sasa sisi lazima tujue anaulizaje. Kama yeye anaandika 'spea za cherehani' na ukurasa wetu umeandikwa 'vipuri vya mashine za kushonea', hatatuona. Atampata jirani."

Hiyo ndiyo kazi anayoifanya huko, anawasaidia wenye mahoteli waonekane. Nadhani aliona aibu baba yake asijulikane hata na mtaa wa pili. Akalitengenezea duka ukurasa, akaweka picha yangu nimekunja uso kama mtu aliyeombwa mkopo, kisha akaanza kutengeneza orodha ya maneno. Na orodha ikahitaji tuongee kila Ijumaa baada ya swala.

Ili nipate maneno, ilibidi niwafungue watu midomo. Mtu akisema "kama hiki", namuuliza, "Kinaitwaje?" Mmoja aliniangalia kwa huruma, akachukua chuma chake akaenda kwa anayejua kazi. Lakini wengine waliongea, na nilipowasikiliza niligundua hawataji kitu kabisa, wanataja matatizo yao. Cherehani inaruka mshono. Cherehani inakula kitambaa. Inakata uzi, dawa yake nini. Abdulswamad alifurahi sana. Alisema hayo ndiyo tunayoyataka, kwa sababu neno fupi kama "cherehani" linatafutwa na dunia nzima na maduka makubwa yamelikalia, ila mtu anayeandika "cherehani inakata uzi Kariakoo" ameshashika pesa mkononi.

Aliyapanga maneno mafungu mafungu. Wanaouliza bei mbali, wenye shida mbali, wanaotafuta fundi wa kuja nyumbani mbali. Kila neno aliliangalia linatafutwa na watu wangapi na linagombewa na maduka mangapi, akanieleza kwa utulivu ambao sikujua anao. Na kati ya neno na neno tuliongea mengine. Nikajua mwenye nyumba wake ni mgomvi. Nikajua amejifunza kupika wali wa nazi na unaungua. Mambo hayo hakuwahi kuniambia, wala mimi sikuwahi kumuuliza.

Halafu maneno yakaisha. Kariakoo ni kubwa, lakini cherehani ina njia chache tu za kuharibika.

"Una jipya, Baba?" aliniuliza Ijumaa moja.

"Wiki hii sina."

"Basi hamna shida. Ukipata nistue."

Simu ikakatika hapo. Ijumaa iliyofuata haikulia. Niliishika mkononi tangu tulipotoka msikitini mpaka jirani yangu Elibariki, Mchaga muuza zipu na nyuzi wa mlango wa pili, alipoanza kufunga duka lake. Akaniuliza kama nasubiri matokeo ya mtihani. Nikamwambia ashughulike na zipu zake.

Mtauliza kwa nini sikupiga mimi. Nimpigie nimwambie nini? Kwamba baba yake amekaa? Sijui kupiga simu isiyo na shida. Kwetu, mwanamume akimpigia mwanamume mwenzake bila sababu, wa upande wa pili anauliza nani amefariki. Nilitaka mwanangu apige, na njia niliyokuwa nayo ilikuwa moja. Nikamtumia ujumbe kwamba nimepata neno jipya.

Akapiga kabla chai haijapoa. Na mimi neno sina. Nikawa natazama rafu zangu, na macho yakaangukia kile chuma kilichopinda kinachokaa chini ya cherehani na kudaka uzi wakati wa kushona. Marehemu mke wangu, Badria, alikuwa fundi nguo pale nyumbani Ilala. Chuma kile alikiita mdomo wa kasuku, kwa sababu ncha yake imepinda vile vile. Sijawahi kumsikia binadamu mwingine akikiita hivyo. Alifariki Abdulswamad akiwa darasa la pili, na nilikuwa na hakika mtoto hakumbuki habari za cherehani.

"Wanasema mdomo wa kasuku," nikamwambia.

Akaniomba nilirudie. Nikadhani ni mtandao, nikalirudia.

"Wateja wengi wanasema hivyo?"

"Wanawake hasa."

"Sawa, Baba. Naliweka kwenye ukurasa. Ila likikaa bila mtu kulitafuta, itabidi nilitoe."

Nilikata simu. Uongo wenyewe haukunisumbua. Kilichoniumiza ni kule kulitoa. Lile neno lilikuwa limekaa kifuani mwangu miaka yote bila kumsumbua mtu, na sasa nimelitoa nje mwenyewe ili lije kufutwa kwa kukosa wateja. Nilisikia uchungu kama nimemwita Badria sokoni na hakuna aliyegeuka.

Basi kila asubuhi, nikishakunywa chai, nikawa naandika mwenyewe kwenye simu. Mdomo wa kasuku wa cherehani Kariakoo. Linatokea duka langu na ile picha ya kununa, nalibonyeza, naingia. Mteja wa kwanza wa siku nikawa mimi.

Ijumaa Abdulswamad akapiga. "Baba, lile neno linatafutwa."

"Nilikwambia."

"Tena linatafutwa vizuri. Endelea kusikiliza, huenda wana mengine."

Hapo ndipo nikaanza kujidanganya mwenyewe. Mimi nilikuwa naandika mara moja tu, asubuhi, na yeye kila Ijumaa akinisomea hesabu inazidi ya kwangu. Nikasema basi yupo mtu. Labda Badria alikuwa na mwanafunzi nisiyemkumbuka, au shoga wa jirani aliyekaa naye barazani akishona, naye leo ana cherehani mbovu na anatafuta. Nikaanza kumsubiri. Kila mwanamke mtu mzima aliyeingia na mfuko nilimpa kiti. Mmoja alifungua kitambaa taratibu, na ndani yake kilikuwa kile kile chuma.

"Kinaitwaje hiki, dada yangu?"

"Sijui, kaka," akasema. "Nipe tu kama hiki."

Nikampa. Siku ile nilifunga mapema, nikapanda juu na kulala bila kula.

Desemba ikafika na mtaa ukaanza kuwa mtupu, maana Wachaga wenye maduka wanakwenda kwao Krismasi. Elibariki aliniletea funguo za akiba za duka lake kama kila mwaka.

"Shikamoo, mzee wangu. Mwaka huu twende wote Moshi, ukale ndizi."

"Marahaba. Nani atanilindia duka?"

"Duka lenyewe mteja wako ni huyo wa kwenye simu." Alikuwa anajua habari za mteja wangu, kwa sababu nilikuwa sina mwingine wa kumsimulia. "Hebu nimwone, kabla sijaondoka."

Nikamfungulia ripoti ambayo mwanangu hunitumia. Mimi husoma namba zile kubwa tu za juu. Elibariki akaivuta ripoti chini kwa kidole gumba, akavaa miwani, akavuta tena.

"Mzee, hapa wameandika hata mji anakotafutia mtu. Neno lako hili lina miji miwili tu. Dar es Salaam."

"Huyo ni mimi," nikasema. Sikuona haja ya kumficha.

"Na Maskati."

Alinirudishia simu, akanishika bega, akaenda kupakia mizigo yake. Nikasikia gari likiondoka na watoto wakigombania dirisha, halafu mtaa wote ukawa kimya.

Nilikaa kwenye kile kiti nilichokuwa nawapa wateja. Hakukuwa na mwanafunzi, wala shoga wa barazani. Alikuwa ni mwanangu, amekaa peke yake nchi ya watu, anaandika neno la mama yake ili lisifutike, ili Ijumaa awe na sababu ya kunipigia. Alijua tangu siku ya kwanza. Nilijisikia vibaya, na nilijisikia vizuri, na sikuweza kuvitenganisha.

Haikuwa Ijumaa. Nilipiga hivyo hivyo.

"Baba? Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Umepata neno jipya?"

"Sina neno jipya. Nimepiga tu. Mama yako unamkumbukaje?"

Nikasikia akizima kiyoyozi cha huko.

"Akisafisha cherehani alikuwa ananipa nimshikie mdomo wa kasuku," akasema. "Ananiambia nikiuangusha tutalala njaa. Siku moja nikauangusha. Ukaingia chini ya kabati, tukautafuta mpaka magharibi. Hakunigombeza. Ila hatukuupata."

"Mimi niliupata," nikamwambia. "Nilipohamisha kabati, baada ya msiba. Upo hapa, kwenye droo ya kaunta."

Nikautoa, nikaufungua kutoka kwenye kitambaa nilichouviringishia, nikaupigisha kidogo kwenye kaunta ili ausikie.

"Usiuuze, Baba."

"Nimuuzie nani? Hakuna anayejua hata unaitwaje."

"Tupo wawili," akasema.