Farasi wa Kushoto

Asinijie mtu hapa kuniambia wale wanaume wana roho nzuri. Roho nzuri yao naijua mimi. Iliingia nyumbani kwangu ikavuta kiti ikakaa, na mpaka leo haijaondoka.

Mume wangu wanamwita Jemadari. Si mwanajeshi, hajashika bunduki hata ya maji. Ni dereva wa kreni kwenye yadi ya makontena, au niseme alikuwa. Cheo hicho alipewa klabuni, kwenye chumba cha juu ya duka la samani, ambako kila Jumamosi mchana wanaume wazima na mvi zao hupanga askari wa bati juu ya meza na kupigana upya vita vya wafalme wa zamani wa Ulaya. Vile viaskari havizidi urefu wa kidole gumba, lakini vimepakwa rangi mpaka vifungo vya makoti. Jeshi la mume wangu alilipaka mwenyewe, kwa miaka, chini ya taa niliyoinunua kwa ajili ya saluni yangu. Mimi ni msusi. Taa ilitoka kwangu ikaenda kumulika masharubu ya askari, nami nikawa nasuka kwa mwanga wa dirishani. Wale askari nilikuwa nikiwaita wake wenzangu. "Leo unalala na wenzangu au na mimi?" namuuliza, naye anacheka huku brashi imo mdomoni.

Tulikuwa tunacheka sana, sisi.

Mwaka jana kiharusi kikampata bafuni. Nilisikia ndoo ikianguka, nikakimbia. Sitaki kuyaeleza ya siku ile. Nitasema tu kwamba alirudi. Ulimi ulirudi, mguu ulirudi, mkono ulirudi, na ndugu zake walikuja wakamwona anatembea na fimbo mkononi, wakashukuru, wakanywa chai, wakaenda zao.

Mimi niliyebaki naye ndiye niliyeona. Nampakulia chakula, anamaliza nusu ya sahani ya upande wa kulia, halafu ananiuliza mbona leo nimempunja. Nusu ya kushoto iko palepale, imejaa. Ananyoa ndevu upande mmoja, anatoka nje anasalimia majirani. Anajigonga kwenye mwimo wa mlango, begani, kushoto kila siku, na kila siku anaulaumu mlango.

Daktari alinieleza vizuri. Macho yake ni mazima, alisema, ila ubongo umesahau kwamba kuna upande wa kushoto. Na kibaya zaidi, mgonjwa mwenyewe hajui kwamba kuna kitu hakioni. Akaonya asikanyage kwenye kreni mpaka arudi kupimwa. Mume wangu alirudi mara moja tu, wakampa karatasi wakamwambia achore saa. Akaitupa kalamu. "Mimi nichoreshwe saa kama mtoto wa chekechea? Mimi ninayeshusha kontena juu ya lori bila kugusa rangi?" Hakwenda tena. Na msimamizi wake kule yadini, rafiki yake wa siku nyingi, badala ya kudai cheti cha daktari akamwambia, "Ukijisikia uko sawa, wewe njoo tu."

Tuligombana mpaka nikakaukiwa na mate. Nikimwambia kuhusu sahani, ananijibu, "Wewe unanitafutia ugonjwa." Nikimwonyesha ndevu kwenye kioo, anasema wembe ni butu. Mwisho akakata kauli. Klabu ilikuwa inaanza vita vipya, vile virefu wanavyoviita kampeni. Wanatundika ramani ukutani, wanacheza miezi, na yaliyotokea Jumamosi hii ndiyo mwanzo wa Jumamosi ijayo. Aliyepoteza kikosi hakipati tena.

"Hiyo ndiyo itakuwa mtihani wangu," akasema. "Nikiongoza jeshi mpaka mwisho nikashinda, kichwa changu ni kizima, narudi kazini. Nikichapwa, kofia ya kazi nairudisha kwa mkono wangu, na sitakusumbua."

Nikakubali. Mume wangu akisema neno halirudishi nyuma, hilo namjua nalo. Na nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika atachapwa. Nilikuwa naomba achapwe, ndiyo, usiku na mchana.

Kabla hawajaanza niliwafuata wawili wanaoiendesha klabu. Mmoja ni Mwalimu, anafundisha jiografia, ndiye aliyepangiwa kuongoza jeshi la adui. Wa pili ni Mfamasia, mpole kupita kiasi, ndiye mwamuzi wao. Nikawaeleza yote, ya sahani, ya ndevu, ya daktari. Nikawaambia, "Mchezeeni kweli. Msimwonee huruma hata chembe. Chini ya ile kreni wanapita vijana wa watu, wanaofunga minyororo. Akiwa haoni upande mmoja ataua mtu."

"Shemeji, ondoa shaka," Mwalimu akasema, mkono kifuani. Mfamasia naye akaitikia kwa kichwa mpaka miwani ikamteleza.

Basi, mume wangu akashinda pambano la kwanza. Akashinda la pili. Anarudi nyumbani anapiga mluzi, ananieleza juu ya meza kwa vijiko na vikombe jinsi alivyovuka mto, jinsi alivyowafukuza kutoka mlimani. Alinenepa. Alianza kunitania tena. Na mimi nikaanza kujishuku. Nikajiuliza, je, kama kweli ni mimi ninayemtafutia ugonjwa? Kama ameshapona na mimi ndiye niliyezoea kumwona mgonjwa? Kuna siku nilimwomba msamaha, wallahi, nikiwa namfunga vifungo vya shati.

Ikafika Jumamosi ya pambano la mwisho. Kofia ya kazi alishaifuta vumbi, msimamizi alishaambiwa amtegemee Jumatatu. Nikafunga saluni mapema, nikaenda kutazama.

Chumba kilikuwa na joto, madirisha yanafunguka nusu, kunanuka gundi na vanishi kutoka dukani chini. Meza yao ni kubwa, imetandikwa kitambaa cha kijani, na vilima vya boksi, na uzi wa bluu ndio mto. Mume wangu amesimama katikati ya upande wake, shati limemlowa mgongoni, ana raha. Sikuwa nimemwona na raha namna ile tangu bafuni. Mwalimu upande wa pili. Mfamasia kichwani mwa meza, na dadu zake mkononi. Wanachama wengine wamekaa kwenye benchi wanatazama.

Mimi si mtaalamu. Lakini ukiishi na mtu anayepigana vita kwa vijiko miaka yote, unajua farasi anakwenda mbali kuliko mwenda kwa miguu, na unajua uwanja mtupu ni uwanja mtupu. Nikatazama upande wa kushoto wa mume wangu. Hakukuwa na kitu. Hakuwa ameweka hata askari mmoja. Na mbele ya uwazi ule walisimama farasi wa Mwalimu, safu nzima, wazuri, wameinua panga. Zamu ya kwanza hawakusogea. Zamu ya pili hawakusogea. Vita vyote vinapiganwa kulia, watu wanaanguka kulia, na farasi wale wametulia kama wamekuja kuangalia mandhari.

Mwalimu akatoka kwenda kunywa maji kwenye bomba la ngazini. Nikamfuata.

"Mwalimu, farasi wako wana nini?"

"Kuna matope pale, shemeji."

"Matope mnayawekea kitambaa cha kahawia. Pale pana kijani kitupu."

Akafunga bomba. Akalifunga tena, wakati lilikuwa limeshafungwa.

"Shemeji, tulikaa tukakubaliana," akasema. "Pambano la kwanza tu tuliona haoni upande ule. Tufanye nini? Tumpige kila Jumamosi mpaka avunjike moyo? Yule ni mwenzetu. Hatukumdanganya. Tumepunguza uwanja tu."

"Mmepunguza uwanja."

"Kidogo."

"Na kule yadini, nani atampunguzia?"

"Kule kuna wakubwa wake. Kuna taratibu. Sisi ni klabu tu, shemeji, tunacheza."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Miezi yote ile! Miezi yote wamempaka mume wangu mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi nikaomba msamaha kwa kosa la kuona! Nilitaka kumchapa kofi. Nilikumbuka jinsi alivyoweka mkono kifuani.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Wewe usiwaguse hao farasi. Nitawagusa mimi. Ole wako utoe sauti."

Wana sheria moja pale, na aliyeileta ni mume wangu mwenyewe, alipochoka na ugomvi wao. Kinachofanyika mezani mbele ya macho ya mpinzani, naye asikipinge kabla dadu hazijarushwa, kimepita. Hakuna kurudi nyuma, hakuna "sikuona". Wanaiheshimu kuliko mahari za mabinti zao.

Tukarudi. Nikazunguka meza nikasimama kushoto kwa mume wangu, karibu kiasi cha kumgusa kiwiko. Zamu ya Mwalimu ilipofika, nikachukua futi, nikapima mbele ya farasi, nikawasogeza. Wote. Mmoja mmoja, taratibu, kwa mkono wangu wenye rangi ya hina. Mfamasia akaniona. Akafungua mdomo, akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama viatu vyake. Dadu zikarushwa.

"Mnaona kulia kulivyo?" mume wangu akasema. "Kulia wamekwisha!"

Zamu iliyofuata nikapima tena, nikasogeza tena. Kwenye benchi mtu mmoja alishika mdomo. Farasi walishavuka katikati ya meza, walikuwa wanakuja kwenye ubavu ulio wazi, na mume wangu alikuwa ameinama kulia anapanga mizinga yake, anaeleza, anacheka, anamtania Mwalimu kwamba leo atarudi nyumbani bila viatu. Nilikuwa nalia. Moyoni nilikuwa nasema, geuka, baba, geuka tu mara moja, nipige kibao cha mkono uniambie niache mchezo wa kijinga. Ningekipokea kibao hicho nikakibusu.

Hakugeuka. Zamu ya mwisho nikawafikisha farasi mpaka kwenye kilima chake, nikamzungushia jemadari wake wa bati, yule mwenye koti jeupe aliyempaka akiwa likizo. Nikaondoa mkono. Mfamasia akarusha dadu, na safari hii hakusoma namba.

"Mbona mmenyamaza?" mume wangu akauliza. Akatutazama, yaani akawatazama waliokuwa kulia. Akacheka. "Mmesalimu amri?"

Nikamshika kidevu, kama ninavyowashika wateja wangu, nikamgeuza kichwa.

Alitazama muda mrefu.

"Nani kawaweka hapa?"

"Mimi. Zamu baada ya zamu. Nilikuwa hapa hapa, karibu na wewe."

Akamgeukia Mwalimu. "Ni kweli?" Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Na yale mapambano mengine? Mtoni? Mlimani?"

Mwalimu akaanza, "Jemadari, unajua sisi..."

Mume wangu akajifuta uso kwa mkono wa shati. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mwamuzi, kuna aliyepinga kabla ya dadu?"

"Hakuna, Jemadari," Mfamasia akasema, machozi yanamtoka.

"Basi imepita." Akamchukua yule mwenye koti jeupe, akamlaza chali mezani, akaomba fimbo yake.

Jumatatu alikwenda yadini, akarudisha kofia ya kazi na kitambulisho. Hakutaka nimsindikize. Neno lake alilitimiza, na vijana wanaofunga minyororo wanapita chini ya dereva mwingine, wala hawajui kama niko duniani.

Nilidhani klabu ndiyo basi tena. Nilidhani Mwalimu akija tena atafungiwa mlango, na mimi ningefurahi kuufunga. Jumamosi iliyofuata Mwalimu akaja, akasimama nje, na mume wangu akavaa viatu akaenda naye. Anakwenda mpaka leo. Wanacheza vilevile, vita vyote kulia, na sasa anajua, na wao wanajua kwamba anajua, na nasikia wanacheka mpaka mwenye duka la samani anagonga dari. Wao wamesamehewa. Hata sijui kama kulikuwa na msamaha, maana sidhani kama aliwahi kuwakasirikia.

Mimi hanigombezi. Ananisalimia asubuhi, anasema asante kwa chai. Ila wiki ile ile alihamisha kiti chake mezani, akakipeleka upande wa pili, karibu na ukuta, ambapo hapatoshi hata kunyoosha miguu. Akikaa hapo, mimi naangukia kushoto kwake. Namwongelesha, anatafuna, anatazama dirisha. Naomba chumvi, naichukua mwenyewe. Nilivumilia siku kadhaa, halafu nikamuuliza kwa nini anajibana pale wakati nyumba ni yake.

"Hapa napumzika," akasema.