Wageni wa Kingori

Wakonyo alikuwa akishona kola ya shati la shule wakati kipaza sauti cha duka la jirani kilipoanza kupiga wimbo wake. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko mjini Nyeri, na watu walikuwa wakipita barazani wakiwa na viazi na kuku. Aliutambua wimbo kabla ya maneno, kwa gitaa lililopanda, likasita kidogo, likapanda tena, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba asiyoijua. Hakuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akasikiliza.

Wimbo huo aliutunga kwa ajili ya babake. Gicheru alichukuliwa shambani wakati wa Hali ya Hatari, akafia kizuizini, akazikwa mahali ambapo familia haikuonyeshwa. Wakonyo alipopata gitaa alimtungia wimbo wa kumwalika aje anywe chai. Hakumtaja kwa jina. Aliimba tu, "wewe uliyechukuliwa bila kuaga." Aliutunga kwa mtindo wa watu wa kwao: Sehemu ya Kwanza inamwita mgeni na kumtajia boma anakotakiwa kufika, Sehemu ya Pili inamsindikiza hadi njia kuu. Katika milima ya kwao mgeni haachwi ajiondokee peke yake. Hata mwenye haraka husubiri mwenyeji avae viatu.

Sauti iliyotoka kwenye kipaza ilikuwa ya Kingori. Na mahali ambapo Wakonyo alikuwa ametaja boma la Gicheru, ng'ambo ya mto Gura, Kingori alitaja boma lake mwenyewe, Kerugoya, lenye mabati mapya na lango la bluu.

Kingori alikuwa na bendi, vipaza sauti na gari aina ya Peugeot, na alifahamiana na wenye studio wa Nairobi. Kila aliyetaka kuwa mwanamuziki, kuanzia Othaya hadi Timau, alimwendea. Utaratibu ulijulikana. Ulimpigia Sehemu ya Kwanza. Akipendezwa, aliuliza ya pili. Wakonyo alimwendea mwaka uliotangulia, gitaa likiwa limefungwa ndani ya blanketi ili lisipate mvua. Kingori alimsikiliza akiwa amefumba macho tangu mwanzo hadi mwisho.

"Dada, sauti uko nayo," alimwambia. "Lakini huu wimbo ni maji matupu. Na mwanamke na gitaa, ati watu watanunua ama watacheka? Rudi kwa kushona. Huko uko na mkono."

Sehemu ya Pili hakuiuliza. Wakonyo alimshukuru kwa kumpa wakati wake. Aliporudi nyumbani alilitundika gitaa ukutani, na baada ya muda akaanza kuning'iniza tepu za kupimia kwenye shingo ya gitaa hilo. Aliyaamini maneno ya Kingori. Tuni mpya ilipomjia akiwa kazini, aliikanyaga cherehani kwa kasi mpaka tuni ikaondoka.

Kwa hiyo kilichomuuma barazani siku ile hakikuwa wizi peke yake. Wimbo ulikuwa mzuri. Wauza kuku walikuwa wamesimama kuusikiliza. Ulikuwa mzuri tangu siku ya kwanza, na Kingori alilijua hilo akiwa amefumba macho.

Alasiri hiyo hiyo, mzee mmoja aliyevaa koti refu alifika kwenye lango la bluu huko Kerugoya. Alivua kofia na kusema kwamba ameitwa. Alikuwa amekufa tangu enzi za mahandaki ya Hali ya Hatari. Ngendo, mke wa Kingori, alimwambia karibu, akampa chai na kiti. Giza lilipoingia mzee alikuwa bado ameketi. Kesho yake walifika mama wawili na kijana mwenye jeraha shingoni, na kila mara sahani ya santuri yenye wimbo ule ilipopigwa katika duka au hoteli fulani, lango lilibishwa. Hawakuwa wageni wasumbufu. Walifuta miguu kabla ya kuingia, wakawaamkia wakubwa kwanza, wakaisifu chai. Ila hawakuondoka. Walikuwa wakingojea kusindikizwa, na upande wa pili wa sahani Kingori alikuwa ameweka wimbo kuhusu Peugeot yake.

Habari hizi Wakonyo alizipata kutoka kwa Kefa, konstebo kutoka magharibi ambaye kituo chake cha kazi kilikuwa Kerugoya. Kefa alikuja kupunguziwa suruali kiunoni.

"Mama Wakonyo, tumewekwa zamu kwa Kingori," alisema.

"Kuna wizi?"

"Wizi gani? Ni wageni. Wamejaa mpaka kwa zizi. Mkubwa wangu akasema tuwaulize kitambulisho. Mzee mmoja akatoa kipande, kile cha ukoloni, cha kuvaa kwa shingo. Tukampigia saluti, tukaachana na hiyo maneno."

"Na Kingori anasemaje?"

"Kingori analala kwa gari. Nyumba haina nafasi. Lakini shida kubwa si kulala, mama. Shida ni sukari."

Wakonyo alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Suruali ya Kefa aliishona bure.

Haikupita wiki nyingi kabla Kingori hajasimama barazani. Suti yake ilikuwa na mikunjo ya mtu aliyelala ameketi.

"Wakonyo wa Gicheru. Habari ya siku nyingi?"

"Njema. Umeleta suruali?"

"Nimekuja kwa sababu ya Sehemu ya Pili."

"Uliniambia huo wimbo ni maji."

"Ulikuwa maji. Mimi ndiye niliweka majani na maziwa."

Wakonyo alipitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Andika jina langu kwa sahani," alisema. "Useme redioni ni wangu. Siku hiyo hiyo nitakuja niimbe mwenyewe, na wageni wako watakuwa njiani kabla ya jioni."

Kingori aliangalia upande wa soko. "Hiyo haiwezekani. Watu wanajua ni wangu. Sasa niwaambie ati fundi wa nguo ndiye hunitungia? Nitakununulia cherehani mpya, ya stima."

"Basi endelea kuwapa chai."

Kingori alishuka ngazi. Huko chini aligeuka.

"Hebu nikuulize kitu, dada. Wewe uliimba huu wimbo kwenu kabla hujaniletea. Kuna mtu alikuja? Hata mmoja?"

Wakonyo alirudi kwenye cherehani. Hakuna aliyekuwa amekuja. Aliwaza neno hilo siku nzima, akashona zipu upande usiofaa, akaifumua. Pengine wimbo ni kweli ulihitaji koo la Kingori. Pengine yeye alichonga jembe tu, na aliyelima ni mwingine. Ilipofika Alhamisi alifunga kazi, akapanda basi la Kerugoya ili akajionee.

Boma la Kingori lilikuwa limejaa kimya kimya, kama uwanja wa kanisa kabla ya ibada. Waliofika mwanzo walikuwa na viti. Waliowafuata walikuwa wameketi juu ya magogo, kando ya migomba na kwenye ngazi za ghala, kila mmoja akiwa na kikombe au kopo. Ngendo alikuwa akizunguka na birika, aproni yake ikiwa imelowa.

"Karibu, mama," alimwambia Wakonyo. "Wewe ni wa hapa ama wa kule?"

"Bado ni wa hapa."

"Basi jichukulie kikombe. Mimi mikono imejaa."

Babake alikuwa kwenye benchi chini ya mabati, akiwa amevaa shati alilochukuliwa nalo. Alikuwa mdogo kuliko Wakonyo alivyomkumbuka, kwa kuwa sasa walikaribia kulingana umri.

"Maitu," Gicheru alisema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, mama yangu, kwa sababu Wakonyo alipewa jina la nyanya yake, mamake Gicheru, na kwa desturi yao binti kama huyo ni mama wa babake. "Umefika. Umekunywa chai?"

"Baba, ni mimi niliyekuita."

"Aliyeniita ni huyu kijana. Nilisikia lango la bluu, nikauliza njia."

"Wimbo ni wangu. Niliuimba kwetu kila jioni, kabla sijalitundika gitaa. Hukunisikia?"

Gicheru alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa mahali alipoacha panga. "Kuna kitu nilisikia," alisema. "Lakini ulikuwa ukiimba kama mtu anayeomba ruhusa. Nikasema huyo ni mtu anajiimbia akiosha vyombo, nisimsumbue. Huyu anaimba kama mwenye mali."

Hakuyasema kwa ubaya. Alisogea ili Wakonyo apate pa kukaa.

"Twende nyumbani, Baba."

"Nitaondokaje? Mwenyeji wangu hajanisindikiza." Alinyoosha goti lake, akalikunja. "Nimechoka, Maitu. Hii benchi ni ngumu, na huku kuna kelele za mashine ya kusaga posho. Lakini sitatoka kwa boma la mtu kama mwizi."

Wakonyo alivuta pumzi. Sehemu ya Pili ilikuwa kooni, nzima, haikupungua hata neno. Wageni waliokuwa karibu waliweka vikombe chini. Mzee wa koti refu akaanza kutafuta kofia yake.

Ndipo alipomwona Kingori mlangoni. Alikuwa ameegemea mwimo, macho ameyafumba. Kwenye stuli kando yake palikuwa na mashine ya kurekodi, na magurudumu yake mawili yalikuwa yakizunguka.

Wakonyo aliyatazama magurudumu. Alimtazama babake, ambaye tayari alikuwa ameweka mikono magotini ili ainuke. Akafunga mdomo.

Aliona kwamba kola ya shati la Gicheru imeachia upande mmoja. Alichomoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, akaishona kola hiyo ikiwa shingoni pa mwenyewe, kwa mishono midogo iliyokaza. Alipomaliza aliinama akakata uzi.

"Sasa uko sawa," alisema.

"Niko sawa," Gicheru alisema, akaketi tena vizuri. "Usichelewe basi."

Hakuna aliyemsindikiza Wakonyo hadi njia kuu. Ngendo alikuwa na kazi nyingi, na Kingori alikuwa akirudisha kanda nyuma aone kama kuna chochote ilichoshika.

Wakonyo alikuwa akijiwekea akiba ya kununua cherehani ya pili. Badala yake alinunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na sahani za Kingori, kadiri duka la jirani lilivyoweza kumpa. Aliiacha baraza kwa mwanafunzi wake, Kagure, siku za soko, na yeye akaenda kwenye masoko. Alikwenda Karatina, akakaa kando ya wauza nyanya. Alikwenda Othaya siku ya kulipwa bonasi ya chai, wakati watu wanapenda kusikia muziki. Aliweka sindano mwanzo wa Sehemu ya Kwanza, na wimbo ulipofika mwisho aliirudisha mwanzo. Waliotaka kununua aliwauzia. Waliokosa pesa aliwaimbia maneno mpaka wakayashika, na hasa jina la boma na rangi ya lango.

Huko Kerugoya wageni walifika kwa makundi. Baraza la wilaya liliwaletea hema na bomba la maji, na likasimamisha kibao barabarani ili wasipotee. Chifu alipokuwa na mkutano aliwatengea upande wao. Ng'ombe wa Kingori walihamishiwa kwa shemeji yake, na Peugeot ikachukuliwa na mama watatu wazee waliokuwa na baridi. Kingori akawa analala ofisini pa chama cha kahawa. Alikonda. Hata hivyo wimbo ulikuwa ukipigwa kila mahali. Alipewa kikombe cha fedha, akaalikwa kuimba sikukuu ya Madaraka, na mtangazaji alipomuuliza redioni anatoa wapi nyimbo nzuri namna hii, alijibu, "Huja zenyewe nikifumba macho." Studio ilitoa sahani upya mara kadhaa. Jina lililoandikwa chini ya wimbo halikubadilika.

Kila alipopita Kerugoya, Wakonyo aliingia kumwona babake na kumpelekea mto wa kukalia. Gicheru alimwambia wageni wanazidi. Wakonyo alimwambia anajua.

Nyimbo mpya zilikuwa zimeanza kumjia tena, nyingi kuliko zamani. Hakuzifukuza. Aliondoa tepu kwenye gitaa, akaziimba kwa sauti ya mwenye mali, ndani ya nyumba, madirisha yote yakiwa yamefungwa. Hakuna mtu mwingine aliyezisikia.

Msimu wa mavuno alifika Timau, ambako mashamba ya ngano yalikuwa yameleta vibarua kutoka pande zote. Alitandika gunia kando ya kibanda cha posho, akafungua gramafoni. Vibarua walikuja na vumbi la makapi kwenye nyusi. Mmoja wao, dereva wa trekta aliyeitwa Simiyu, alicheza peke yake mpaka wimbo ukaisha, kisha akasimama akipangusa uso.

"Haki ya Mungu, dada, huu wimbo unaniingia mpaka kwa mifupa," alisema. "Mimi hata lugha sielewi. Unasema nini?"

"Unawaita watu wanywe chai."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Basi huyo mtu anajua kutunga. Nataka kutuma kadi ya salamu redioni, wanipigie kila Jumapili, mimi na kijiji chetu chote huko Bungoma. Ni wa nani?"

Wakonyo alikuwa tayari anazungusha mkono wa mashine.

"Ni wa Kingori, wa Kerugoya," alisema, akamtajia jina hilo herufi moja moja, polepole, asije akalikosea.