Dawa Mbili za Hezekia

Lightness aliinama mlangoni. "Shikamoo, baba."

Hezekia alikuwa anafunga kamba za buti zake za kazi. Hakuitikia. Mkewe, Modesta, alimvuta binti jikoni. Jana yake mume alitaka wauze mbuzi, yeye akakataa, na Hezekia akinuna hununa kweli. "Mwache, ana hasira," alisema, akaenda zake kukata kabichi. Aliporudi alimkuta ameangukia ubavu, mdomo umepinda, buti moja mguuni.

Zamani kiwanda cha mbao kilikuwa na gari la wagonjwa. Kilipouzwa, gari nalo liliuzwa. Walimteremsha kutoka Shume hadi hospitali ya Lushoto juu ya lori la kabichi.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Loyce, msichana tu. "Ni kiharusi. Nadhani damu imeganda ubongoni. Ipo dawa ya kuiyeyusha, ila iwahi ndani ya saa tatu. Kilimwanza lini?"

Modesta alikumbuka ile shikamoo isiyoitikiwa. Kumbe haikuwa hasira. "Asubuhi hii hii. Mchome basi!"

"Dawa ni mbili, mama. Ile mpya wanayo Ulaya, mimi nimeisoma tu. Ya zamani ni ya moyo. Kwa kiharusi imewavujisha wengi damu kichwani. Na kama mshipa umepasuka, yoyote kati ya hizo itamuua. Kujua mpaka apigwe picha ya kichwa, na mashine iko Dar."

Modesta alivuka barabara. Duka la dawa la Abdulaziz lilikuwa limejaa hadi dari, tangu biashara iachiwe huru. Mwenye duka alishusha kichupa cha ile dawa ya zamani. "Zote zinayeyusha damu. Siku hizi mteja ndiye anachagua, mama. Ila ikitoka dukani hairudi."

Ajuaye hana, aliye nayo hajui, halafu mkata kabichi ndiye achague! Modesta alimwahidi Abdulaziz yule mbuzi, akarudi mbio na kichupa.

Loyce alikigeuzageuza. "Peke yangu siwezi. Ngoja nimuulize mganga mkuu."

Mganga mkuu alikuwa kwenye semina kuhusu wananchi kuchangia gharama za matibabu. Modesta alikaa kando ya kitanda, akimfuta mumewe mate kwa ncha ya khanga. Alitaka wamchome. Aliogopa wasije wakamchoma.

Loyce alirudi peke yake. "Pole, mama. Saa tatu zimepita. Hakuna cha kuchagua tena."

Modesta alishusha pumzi, kisha akaona aibu kwa ile pumzi, kisha hasira zikampanda.

"Kumbe mlikuwa mnangoja zipite?"

Daktari alimrudishia kichupa, bado kimefungwa.