Kalendula za Kuibwa

"Nakupa!"

"Usinipe, Eduvigis!"

"Nimeshakupa! Zote ulizotia mfukoni mwa aproni ni zawadi!"

"Sisikii, nimeziba masikio!"

Nieves alikuwa ameyaziba kweli, mguu mmoja bado uko juu ya uzio wa jirani yake. Mji mzima wa Chillán unajua kwamba mmea wa kupewa haushiki, wa kuiba ndio unaoota. Mara mbili alishapewa mbegu za kalendula kwa heshima zote, akazipanda, akavuna magugu. Na alizihitaji mno. Mumewe alikuwa mwokaji, mikono imejaa majeraha ya tanuri, na dawa pekee iliyompoza ilitengenezwa kwa maua hayo.

"Mwizi gani anakuja jua limewaka hivi?"

"Si ulipaswa kuwa kanisani!"

"Mguu unaniuma."

Eduvigis alichungulia mfuko wa aproni. Mbegu zilikuwa zimejikunja kama viwavi waliokauka. Akakumbuka mikono ya yule mwokaji ikimpa mkate kila asubuhi, akamgeuzia Nieves mgongo.

"Haya, sikukupa kitu. Wala sijaona mtu. Toka, mwizi mkubwa wewe!"

Nieves akaruka uzio akicheka, aproni ameikumbatia kama mtoto. Alikuwa karibu kuingia ndani alipoitwa.

"Jirani! Jumapili ijayo mguu utakuwa umepona, hata uzio nitauruka. Nakuomba umfunge mbwa wako, na lile waridi lako jekundu usilikate matawi kwanza."