Uzi wa Zelinda

Walipoita jina la Zelinda Tomasel kwenye ukumbi wa ubalozi mdogo wa Italia, nikanyanyuka mimi.

Kijana wa dirishani akaziangalia ndevu zangu. "Zelinda ni wewe?"

"Ni mke wangu. Babu wa babu yake alitoka huko kwenu Italia, akaja kupanda zabibu milimani kwetu. Marehemu aliomba uraia wenu enzi hizo ana nywele nyeusi. Leo ndiyo mnamwita, na yuko kaburini."

Hapo nilikuwa na hotuba. Nilianza kuipanga kwenye basi: wakubwa wa Roma, wakubwa wa kwetu Brasilia, wote wanaokalia viti wakasahau watu. Binti yetu Ivete akanivuta shati.

"Baba, nyamaza. Wakinifukuza naanza upya mwisho wa foleni, nitazeeka kama mama."

Kijana akapekua. "Aliomba pamoja na mtoto?"

"Ndiye mimi," Ivete akasema.

"Basi nafasi ni yako." Akakagua makaratasi yake, akagonga mhuri. "Umepita, dada. Na pole kwa msiba, mzee."

Nikaondoka na hotuba yangu nzima. Mtu umpigie kelele wakati amekupa pole?

Nje, ukoo wa Tomasel walikuwa wametandika kitambaa juu ya ukuta mfupi: salami, jibini, divai, na polenta, ugali wao wa mahindi, baridi na kubwa kama gurudumu. Waliposikia habari, mama wadogo wa Ivete wakalia huku wanacheka. Polenta kwao haikatwi kwa kisu, inakatwa kwa uzi, na mkataji siku zote alikuwa Zelinda. Shemeji yangu Olinto, ambaye tangu harusi yangu hajaniita jina ila Mpoland, kwa asili ya mababu zangu, akautoa uzi wa dada yake mfukoni.

"Kata, Mpoland."

"Mimi si wa kwenu. Hata leo uraia sijapewa mimi."

"Nani kakuuliza? Kata, watu wana njaa."

Nikakata. Vipande vikaenda upande.

"Huyu katuchorea ramani ya kwao," Olinto akasema, tukacheka mpaka divai ikamwagika.

Akaja askari wa jiji. "Hapa hairuhusiwi kula."

Nikafurahi sana. Nikamshushia hotuba yote, kuanzia Roma. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama jibini imebaki. Nikamkatia na polenta.

"Mnaona?" Olinto akalalamika. "Cha askari kimenyooka."